Keshia akikuomba bodingi pasi: mwongozo kamili wa kulinda taarifa zako kwenye maduka ya uwanja wa ndege

Nilikuwa narudi Dar es Salaam kutoka Ulaya. Zilikuwa zimebaki dakika kama 40 lango lifungwe, na simu yangu ilikuwa na chaji asilimia 6. Nikaingia duka la kwanza nililoliona, nikachukua waya wa kuchajia na chupa ya maji, nikapanga foleni. Keshia alikuwa binti mpole tu. Kabla ya kunitajia bei alinyoosha mkono akasema, "Bodingi pasi, tafadhali." Nikampa kadi yangu hiyo ya kupandia ndege. Akaipitisha juu ya kile kitaa chekundu, mashine ikalia. Akaniuliza barua pepe ya kutumia risiti, kisha namba ya simu kwa ajili ya dhamana ya waya. Nyuma yangu kulikuwa na watu saba na mtoto analia. Nikatoa vyote.

Wiki mbili baadaye matangazo yakaanza kuingia, kwenye simu na kwenye barua pepe, yakiniita kwa jina langu la kwenye pasipoti, lile refu ambalo hata nyumbani halitumiki. Ndipo nilipokaa nikajiuliza nilitoa nini hasa pale kaunta.

Mwongozo huu umetokana na swali hilo. Nimemwandikia msafiri wa kawaida: mama anayemfuata mwanawe Toronto, kijana anayekwenda kazini Muscat au Doha, mfanyabiashara anayefuata mzigo Guangzhou. Bodingi pasi ni ufunguo wa safari yako. Mtu akikuomba ufunguo, una haki ya kumuuliza anataka kufungua mlango gani.

Anza kwa kujua kilichomo ndani

Kwa macho unaona jina, kiti na lango. Ule mraba wenye vidoa kwenye simu, au mstatili wenye mistari kwenye karatasi, unabeba zaidi ya hapo. Mashirika ya ndege duniani yanafuata mpangilio mmoja uliowekwa na IATA, chama chao cha kimataifa, na sehemu kubwa ya maandishi yake haijafichwa kwa namna yoyote. Programu ya kawaida ya kusoma misimbo inayasoma. Ukiyafungua utakuta mstari kama huu, ambao nimeutunga kwa mfano:

M1JUMBE/ZAINABU EQ7K2MP DARMCTXX 0123 214Y023A0061

Tuuchambue taratibu. JUMBE/ZAINABU ni jina la abiria. Ile E inayofuata inaonyesha kwamba tiketi ni ya kielektroniki. Q7K2MP ni namba ya bukingi. DAR ni Dar es Salaam anakotoka, MCT ni Muscat anakokwenda, XX ni alama ya shirika, 0123 ni namba ya ndege. 214 ni siku ya 214 ya mwaka, yaani Agosti 2 kama si mwaka mrefu. Y ni daraja la kawaida, 023A ni kiti chake cha dirishani, na 0061 ni namba yake katika orodha ya waliokwisha kuripoti. Baada ya hapo panaweza kufuata namba ya tiketi na namba yako ya uanachama kwenye mpango wa pointi za shirika.

Kipande kinachonitia hofu ni Q7K2MP. Mashirika mengi yana ukurasa wa kusimamia safari, na ukurasa huo unahitaji vitu viwili tu: jina la ukoo na namba ya bukingi. Vyote viwili vimo kwenye msimbo. Mwenye navyo anaweza kuona ratiba yako ya kurudi, kubadilisha kiti, pengine hata kufuta safari, na kwenye baadhi ya mashirika kuona simu na barua pepe uliyoandikisha.

Hili limeshamkuta mtu mkubwa. Mwaka 2020 waziri mkuu wa zamani wa Australia, Tony Abbott, aliweka picha ya bodingi pasi yake kwenye Instagram. Mtaalamu mmoja wa usalama wa kompyuta alichukua namba ya bukingi kwenye picha hiyo, akaingia kwenye tovuti ya shirika la Qantas, na ndani ya ukurasa ule akakuta namba ya pasipoti ya Abbott na namba yake ya simu. Alitoa taarifa kwa wahusika, kasoro ikarekebishwa, na habari yenyewe ikatoka hadharani Septemba 2020. Kwa hiyo ile desturi yetu ya kupiga picha bodingi pasi juu ya pasipoti na kuiweka "status" na maneno ya "safari njema" naiomba ife. Mpige msafiri mwenyewe picha, na begi lake.

Ukitaka kuhakikisha, chukua bodingi pasi ya zamani, zima intaneti kwenye simu, kisha isome kwa programu ya misimbo. Usiipakie kwenye tovuti za kusoma misimbo bure. Utakuwa umempa mtu usiyemjua kile kile unachotaka kukilinda.

Kwa nini wanaiomba

Kuna sababu halali. Pombe na sigara kwenye maduka yasiyotozwa ushuru ziko chini ya jicho la forodha, na mwenye duka anapaswa kuthibitisha kwamba mzigo umeuzwa kwa abiria anayetoka nje ya nchi. Bila uthibitisho huo anaweza kudaiwa ushuru. Hapo bodingi pasi inaombwa kwa sheria, na kubishana ni kupoteza muda.

Sababu ya pili ni pesa ambayo hukuambiwa. Agosti 2015 gazeti la Uingereza la The Independent lilifichua kwamba maduka ya viwanja vya ndege vya huko yalikuwa yakiskani bodingi pasi hata kwa mtu aliyenunua maji. Wakati huo bidhaa zilizouzwa kwa abiria anayetoka nje ya Umoja wa Ulaya zilisamehewa kodi ya ongezeko la thamani, VAT, ambayo ilikuwa asilimia 20. Fanya hesabu: bidhaa ya pauni 6 ina VAT ya pauni 1 ndani yake. Abiria anayekwenda Madrid, ndani ya Umoja huo, akinunua, pauni hiyo inakwenda serikalini. Abiria anayekwenda Nairobi au Dar akinunua, duka linaskani bodingi pasi yake na pauni inabaki dukani, huku yeye amelipa pauni 6 zile zile. Wasafiri wa kwetu ndio waliokuwa wakiwaingizia wenye maduka faida hiyo, bila hata kujua. Mamlaka ya kodi ilisema wazi kwamba mteja halazimiki kuonyesha bodingi pasi, na serikali ikasema nafuu ile ilikusudiwa kumfikia msafiri. Watu wakaanza kukataa pale pale kaunta.

Nafuu hiyo haipo tena. Kuanzia Januari 1, 2021, katika viwanja vya Uingereza kama Heathrow na Manchester, msamaha umebaki kwa pombe na tumbaku tu. Kwa hiyo ukiombwa bodingi pasi huko kwa kununua gazeti na sandwichi, sababu ya kodi haina nguvu.

Sababu ya tatu ni biashara ya takwimu. Duka linataka kujua abiria wa njia fulani wananunua nini, na saa ngapi kabla ya ndege. Si dhambi kutaka kujua. Lakini kwa hilo mji unaokwenda unatosha. Jina langu na namba yangu ya bukingi vinawasaidia nini kupanga chokoleti?

Tena kinachoingia kwenye mashine ya keshia hakibaki salama kwa sababu tu kampuni ni kubwa. Januari 2020 mamlaka ya ulinzi wa taarifa ya Uingereza, ICO, iliipiga faini ya pauni 500,000 kampuni ya DSG Retail baada ya wahalifu kupenyeza programu hasidi kwenye mashine 5,390 za malipo. Mashine hizo zilikuwa kwenye maduka ya Currys PC World na Dixons Travel, na Dixons Travel yalikuwa maduka ya viwanja vya ndege. Programu ilikaa humo kuanzia Julai 2017 hadi Aprili 2018. Taarifa za watu wasiopungua milioni 14 ziliguswa, na kadi za benki milioni 5.6. Kampuni ilikata rufaa, na mabishano ya kisheria yakaendelea kwa miaka.

Maandalizi ya nyumbani

Haya ni mafupi. Fungua barua pepe ya pili, ya safari na manunuzi tu. Jaza chupa ya maji tupu baada ya ukaguzi kama uwanja una bomba la kunywa, na beba waya wako. Ununuzi wa dharura ndio unaotufanya tutoe kila tunachoulizwa. Mimi ni shahidi.

Kama una namba ya uanachama wa pointi, nenosiri lake lisiwe lile la barua pepe yako.

Pale kaunta

Hapa ndipo penye kazi, na nitakaa kidogo.

Kwanza, usiende kaunta umeishika bodingi pasi mkononi. Iweke kwenye mkoba au funga simu. Ukiwa umeishika utaitoa kabla hujafikiri, kwa sababu keshia anaomba kwa mazoea na wewe unatoa kwa mazoea.

Pili, tazama kikapu chako. Kama kuna pombe, sigara, au bidhaa iliyobandikwa bei ya bila ushuru, yakiwemo manukato, toa bodingi pasi bila ubishi. Kama ni maji, gazeti, dawa ya kichwa au waya kwenye duka la kawaida, uliza kwanza. Duka kuwa ndani ya uwanja wa ndege hakulifanyi liwe duka la bila ushuru.

Tatu, uliza kwa upole, swali moja: "Samahani dada, hii inatakiwa na forodha au ni utaratibu wa duka?" Akisema ni forodha, endelea: "Sawa. Unahitaji kuiona tu, au ni lazima uiskani?" Tofauti ya kuona na kuskani ni kubwa. Jicho linaona mji na namba ya ndege, kisha linasahau. Mashine inachukua mstari mzima ule tuliouchambua hapo juu, na kuuhifadhi au kutouhifadhi ni uamuzi wa waliotengeneza mfumo.

Nne, akisema ni utaratibu wa duka, toa kidogo kinachotosha: "Naenda Dar, ndege namba fulani. Naomba uandike hivyo." Mara nyingine mfumo unakubali kuandikwa kwa mkono, mara nyingine keshia anaruka tu hatua hiyo. Kwenye mashine za kujihudumia tafuta kitufe cha kuruka. Usipokiona mwite mhudumu kabla hujaskani.

Tano, akikataa kabisa kukuuzia, pima. Kama ni dawa ya mtoto, nunua, tunza risiti, utalifuatilia baadaye kama nitakavyoeleza. Kama ni pipi, ziache. Tafadhali usimgombeze keshia. Utaratibu hakuutunga yeye, amepewa maelekezo, na pengine anahesabiwa ameskani bodingi pasi ngapi kwa zamu. Ugomvi wako uko na ofisi, na ofisi ina anwani.

Pasipoti ni jambo jingine. Kuna mahali inaombwa kihalali dukani, hasa unapodai kurudishiwa VAT kama mgeni. Kwa mfano Falme za Kiarabu, mtalii anayenunua kwa dirham 250 au zaidi kwenye duka lililosajiliwa anaweza kudai VAT ya asilimia 5, na hapo duka linahitaji pasipoti kuunganisha risiti na wewe. Ni sawa. Kisicho sawa ni keshia kuipiga picha kwa simu yake binafsi, au kuondoka nayo kwenda chumba cha nyuma. Pasipoti isikutoke machoni. Nalisema hili hasa kwa dada zetu wanaokwenda Ghuba kwa mara ya kwanza, ambao wamefundishwa kwamba mtu mwenye sare akiomba pasipoti unampa na kunyamaza. Mwenye duka si ofisa uhamiaji.

Risiti ya barua pepe: kama bado hutaki, omba ya karatasi. Ukihitaji ya kielektroniki, toa ile barua pepe ya pili. Namba ya simu usitoe. Dhamana ya waya inathibitishwa na risiti. Wakikugeuzia skrini usaini au uguse, soma kabla ya kugusa, maana mara nyingine pana kiboksi cha "nakubali kupokea matangazo" ambacho tayari kimewekwa tiki. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua Oktoba 1, 2019 kwamba kiboksi kilichotikiwa na kampuni yenyewe si ridhaa. Toa hiyo tiki, kisha endelea.

Kadi za uanachama na bahati nasibu sina mengi ya kusema. Ukijaza, jua umelipa kwa taarifa zako. Kama zawadi inakutosha, ni uamuzi wako.

Baada ya kununua

Ukinunua kimiminika kinachozidi mililita 100 na una ndege ya kuunganisha, watakifungia kwenye mfuko maalumu na risiti ndani. Usifungue mfuko huo wala kutoa risiti mpaka ufike mwisho wa safari, la sivyo wakaguzi wa uwanja unaofuata wanaweza kukunyang'anya. Hapa ulinzi wa taarifa unasubiri. Ukifika nyumbani, risiti yenye jina na namba ya ndege ichanwe.

Bodingi pasi ya karatasi usiiache kwenye mfuko wa kiti cha mbele wala kwenye pipa la hoteli. Itunze mpaka pointi zako ziingie na safari ya kurudi ikamilike, kisha ichane ukipitisha mpasuko katikati ya msimbo, au ichome na taka za jikoni.

Taarifa zikishatoka: barua ya kuzidai

Wengi wanaishia kufuta jumbe na kulalamika. Lakini sheria inakupa zana. Kwa maduka ya Umoja wa Ulaya na Uingereza una haki ya kujua wanachokihifadhi juu yako, haki ya kuomba kifutwe, na haki ya kukataa matangazo. Hiyo ya mwisho haina mjadala: ukisema basi, ni basi. Wanapaswa kukujibu ndani ya mwezi mmoja, bila malipo, ingawa kwa maombi magumu wanaweza kuongeza miezi miwili wakikueleza sababu. Sheria ile haiulizi uraia wako. Mnyarwanda aliyenunua maji Brussels ana haki sawa na Mbelgiji.

Kusanya ushahidi kwanza: picha ya risiti inayoonyesha tarehe, saa na namba ya kaunta, na picha za skrini za matangazo. Kisha ingia tovuti ya kampuni, tafuta sera ya faragha, mwishoni utakuta barua pepe ya anayeshughulikia taarifa binafsi. Andika kwa lugha wanayoielewa, ila maudhui yawe haya:

"Tarehe fulani, saa fulani, nilinunua bidhaa kwenye duka lenu la uwanja fulani, risiti namba fulani. Bodingi pasi yangu iliskaniwa, na nilitoa barua pepe na namba ya simu. Naomba mniletee nakala ya taarifa zote mnazohifadhi kunihusu, sababu ya kuzikusanya, mliowapatia, na muda mtakaozitunza. Nakataa kutumiwa matangazo kuanzia leo. Naomba mfute namba yangu ya simu, barua pepe na taarifa za safari ambazo sheria haiwalazimu kuzitunza. Naomba jibu ndani ya mwezi mmoja."

Wakikuomba nakala ya pasipoti ili kukuthibitisha, usikimbilie kuituma. Jitolee kwanza kuthibitisha kwa risiti na kwa barua pepe ile ile uliyoandikisha. Ikibidi kabisa, funika picha na namba ya pasipoti.

Mwezi ukipita kimya, nenda kwa mamlaka. Uingereza ni ICO, Ufaransa ni CNIL, na kila nchi ya Umoja wa Ulaya ina yake. Kwa duka la nyumbani, Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data inatakiwa kumaliza kushughulikia lalamiko ndani ya siku 90. Usidhani ofisi hiyo ni ya mapambo: Septemba 2023 ilikitoza kilabu kimoja cha starehe cha Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake inapokea malalamiko. Uganda ilipata sheria yake 2019, Rwanda na Falme za Kiarabu 2021, Oman 2022.

Mimi nilituma barua yangu siku ya Jumatatu, na jibu likaja siku ya 23. Waliambatisha jedwali la mstari mmoja: jina langu kamili, namba ya ndege, mji niendao, kiti, barua pepe, simu, saa 8:12 mchana, waya mmoja, maji moja. Walisema wamefuta simu na barua pepe, na rekodi ya mauzo itabaki kwa muda unaotakiwa na sheria ya hesabu. Matangazo yakakoma wiki ile ile.

Safari iliyofuata, kwenye duka jingine, nilipoombwa bodingi pasi nilisoma namba ya ndege kwa mdomo. Keshia aliiandika, akanipa maji yangu, foleni ikasonga.